Chungu Changu Kimesoma Kuliko Mimi

Miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Ndiyo ambayo Afisa Elimu wetu ameyatumikia makumbusho haya, na hapo sijahesabu Jumamosi alizokuja bila kuitwa. Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, saa kumi jioni, atakabidhi funguo mbili getini, moja ya ofisi na moja ya stoo. Ikifika saa kumi na dakika moja atakuwa mstaafu, na mlinzi ataruhusiwa kumdai tiketi kama mgeni mwingine yeyote.

Karatasi ya kumuaga mstaafu kama hii huandikwa na mhasibu. Hutaja tarehe, hutaja vyeo, kisha humwita kila mtu mchapakazi hodari, hata yule ambaye sote tulimwona akisinzia. Safari hii nimeiomba mimi, mfagizi wa kumbi, mnayeniita Bibi. Kuna walioguna kwamba Bibi hajakalia dawati hata siku moja, ataandikaje? Ni kweli, shule sikuiona. Lakini mtu akifuta vioo vya makabati miaka ishirini na minne, na nyuma ya kila kioo kuna kibao chenye maandishi, herufi zitamwingia hata kama hazitaki. Nilianza na kibao cha "Usiguse", maana ndicho kilichokuwa kila mahali. Karani wa tiketi amenipigia chapa, nami nimemwonya asininyooshee maneno.

Jambo la pili mlijue mapema, msije mkasema nilificha. Mama huyu nimemwonea wivu tangu mwezi wangu wa kwanza hapa hadi leo asubuhi. Wanasema mwenye wivu ajinyonge. Kamba ninayo, ila kila nikiishika nakumbuka ukumbi wa pili haujafagiliwa.

Alikuja hapa akiwa msichana mwembamba mwenye viatu vya kufunga kamba, akapewa meza iliyokuwa na mguu mmoja mfupi na kazi isiyokuwa na mwenyewe: kuzileta shule. Wakati huo zilikuja shule nne kwa mwaka. Moja kati ya hizo nne iliingia kwa sababu mvua iliwakuta barabarani. Watoto walipitishwa mbele ya makabati wakiwa wameshikana mikono, wakaambiwa wasiguse, wasikimbie, wasiulize kwa sauti, kisha wakarudishwa nje. Hivyo ndivyo elimu ilivyokuwa.

Alianza kwa barua. Aliwaandikia wakuu wa shule sitini, kila barua kwa mkono. Zilirudi tatu: moja ilisema shule imefungwa, ya pili ilisema mkuu amehama, na ya tatu iliomba msaada wa mpira wa miguu. Mwingine angekalia ile meza yenye kilema akasubiri mshahara. Yeye alifunga sanduku la bati nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi, akatia ndani vigae, kinu kidogo, kufuli la mti na chungu kimoja, akaanza kuzifuata shule huko huko ziliko.

Huko alijifunza jambo ambalo leo linafundishwa kwa wageni wa idara yake. Usianzie ofisini kwa mkuu. Mkuu atakuonyesha ratiba, na ratiba haina nafasi, haijapata kuwa nayo. Anzia chumba cha walimu, saa nne, wakati wa chai, mwalimu akiwa amechoka na hajakasirika bado. Weka kitu juu ya rundo la madaftari yanayosubiri kusahihishwa. Usiseme ni nini. Omba chai. Mwalimu, ninyi mnamjua, kazi yake ni kuuliza maswali ambayo majibu anayo. Mpe swali ambalo jibu hana, chai yake itapoa. Kengele ikikaribia, funga sanduku uondoke, na ukiulizwa jibu, sema liko kwetu, kabati la tano, fungua saa mbili funga saa kumi. Mwalimu aliyenyimwa jibu atalifuata, na akija hatakuja peke yake, atakuja na darasa zima.

Kuna mkuu mmoja aliyemwambia kwamba makumbusho hayamo kwenye mtihani. Hakubishana. Alirudi baada ya wiki mbili na karatasi aliyoichora mwenyewe: upande huu mada za kila darasa, upande ule namba za makabati yetu, mstari kutoka hapa hadi pale kama mtu anayefunga mbuzi wengi kwenye vigingi vingi. Yule mkuu aliitazama akasema kumbe. Karatasi ile ndiyo baba wa kijitabu cha mwalimu mnachokigawa leo chenye rangi.

Na yupo mwalimu wa hesabu aliyesema hesabu zake haziishi humo ndani. Mama wetu alimpa kigae kimoja, kipande cha mdomo wa mtungi, kikubwa kama kiganja, akamuuliza mtungi wenyewe ulikuwa na upana gani. Mwalimu alicheka. Jumamosi akaja na bikari na uzi, akaketi sakafuni ukumbi wa tatu, akachora duara, akafuta, akachora tena. Nilimfagia mara mbili kwa kumzunguka. Saa kumi tulimtoa kwa kumzimia taa, akaenda zake akiwa na jibu na vumbi la magoti. Hajakosa mwaka tangu siku hiyo. Kila darasa lake jipya huja na uzi mfukoni.

Hayo yote aliyafanya yeye, na ninampa kwa mikono miwili. Wivu wangu hauko hapo. Uko kwenye kile chungu.

Kila mtu humu anajua somo lililowafanya watoto wamwite Mama Masizi. Anaweka vyungu viwili mezani. Kimoja chekundu, safi kama kimetoka dukani. Kingine cheusi, kimeshika masizi hadi shingoni. Anawaambia kwamba kimoja kimepita miaka mia, na kingine kimetoka jikoni kwa mtu aliye hai. Kipi ni kipi? Walimu hujibu haraka kuliko watoto, na hukosea haraka kuliko watoto: wote hukinyooshea kidole kile cheusi kwamba ndicho cha kale. Hapo huwaachia chungu cheusi wakisome. Watoto hukigeuza wakaona madoa matatu yasiyo na masizi, wakajua kilikaa juu ya mafiga matatu. Huona upande mmoja mweusi zaidi, wakajua kuni zilisukumwa kutokea pale. Huona mdomo umelika upande mmoja, palipogongwa mwiko, wakakisia mpishi alikuwa mtu wa mashoto. Kisha wanageukia chungu chekundu, cha kale, nacho hakisemi lolote. Kimeoshwa. Mtu alikiosha, akaosha na habari zake zote. Somo hilo ndilo lililotutoa shule nne likatufikisha mia moja na arobaini kwa mwaka. Walimu hupigiana simu kuhusu somo hilo. Limeandikwa gazetini na picha yake akiwa amekishika chungu cheusi, anacheka.

Sasa sikilizeni. Chungu chekundu nilikiosha mimi. Na chungu cheusi ni changu.

Ilikuwa mwaka wake wa saba hapa, na wiki yangu ya kwanza. Nilikuwa kibarua wa kutwa, naitwa asubuhi, naweza nisiitwe kesho. Binti yangu alikuwa ameniachia mtoto wa miezi mitano mgongoni akaenda kutafuta maisha. Niliambiwa nisafishe stoo, na mimi nikiambiwa safisha, nasafisha. Nilikuta rafu imejaa vumbi, na juu yake chungu kichafu kuliko vyote nilivyowahi kuona. Nikajisemea hawa watu wenye elimu hawana hata aibu. Nilikichukua nje bombani, nikakifanyia kazi kwa mchanga na dodoki, ndani na nje, hadi kikawa chekundu kama siku kilipotoka tanuruni. Hata ile namba ndogo nyeupe iliyoandikwa kitakoni niliitoa, nikidhani ni kinyesi cha ndege. Nilikirudisha rafuni nikasimama nyuma yake kukistaajabia. Nilikuwa na furaha, sitadanganya.

Aliyenikuta ni yeye. Alikuja asubuhi ile kuchagua chungu cha kwenda nacho shule. Alisimama mlangoni, akatazama chungu, akanitazama mimi, akatazama dodoki. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya sanduku lake la bati, akaniuliza, kwa upole ulioniudhi, hayo masizi yaliyotoka nimeyamwaga wapi. Nikamwambia bombani, yamekwenda. Ndipo aliponieleza kwamba masizi yale yalikuwa na miaka zaidi ya mia, na kwamba wasomi walikuwa na mpango wa kuja kuyapima wajue nini kilipikwa humo na kwa kuni za mti gani. Nilimuuliza masizi yanasemaje. Akasema hata yeye hajui vizuri. Basi mimi, kwa hasira ya aliyekosea, nikamwambia: "Wewe umesoma yote hayo na hujui? Njoo kwangu nikuonyeshe changu." Nikamweleza madoa ya mafiga, upande wa kuni, mdomo uliolika. Aliandika kwenye kiganja chake kwa sababu daftari lilikuwa mbali.

Mchana mhifadhi aligundua. Wakati anavaa miwani ili asome vizuri namba isiyokuwepo, Mama Masizi, ambaye hakuwa bado na jina hilo, alinivuta nyuma ya mlango akaniambia maneno ambayo nimeyakariri: "Mimi nitaandikiwa barua. Wewe utaonyeshwa geti. Nyamaza." Akatoka akasema ni yeye aliyekiosha, alitaka kipendeze mbele ya walimu.

Barua iliandikwa kweli. Barua ya onyo, ya uzembe, ikaingia kwenye jalada lake. Mwaka uliofuata nafasi ya mkuu wa idara ilipotangazwa alipewa mwingine, ambaye alikaa miaka mitatu akaondoka na hakuna anayekumbuka hata rangi ya shati lake. Mimi niliendelea kuitwa kila asubuhi, hatimaye nikaandikwa kazi ya kudumu. Mjukuu akakua kwa maziwa niliyonunua kwa kazi ile.

Mtadhani nilimpenda kuanzia hapo. Nilimshukuru, ndiyo. Lakini kumshukuru mtu kila siku kunachosha mgongo. Kumwonea wivu ni rahisi zaidi, unafanya huku umesimama wima.

Siku tatu baadaye alikuwa na miadi na shule moja ambayo alikuwa ameibembeleza mwaka mzima, na chungu cha kwenda nacho kilikuwa kimeoshwa. Alikuja nyumbani kwangu jioni akaomba changu. Alisema ni kwa siku moja. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeepua, nikahamishia chakula kwenye sufuria ya jirani, nikampa chungu kikiwa bado na joto, akakizungushia gazeti. Chungu hicho nilipewa na mama yangu. Siku moja! Imekuwa miaka ishirini na minne. Walimu wa siku ile walibishana hadi wakaisahau kengele, na mkuu mwenyewe akatoka ofisini kuja kugombana nao, akabaki anabishana. Wiki iliyofuata shule tatu zilipiga simu. Chungu changu kilipewa namba nyeupe kitakoni. Kikatengenezewa sanduku lenye sponji. Mimi nikanunua sufuria.

Nimekaa na jambo hilo kifuani kama mwiba wa samaki. Chungu changu kimeingia madarasa mia na arobaini kila mwaka. Kimewekwa juu ya meza za walimu, kimeandikiwa insha, kimechorwa na watoto wa darasa la pili kikiwa na macho na miguu. Mimi sijavuka mlango wa darasa hata moja. Barua za shukrani zilipokuja, wanafunzi walimshukuru Mama Masizi na kukisalimia chungu. Kuna aliyekiandikia "Mpendwa Chungu". Nilifagia huku nikisema moyoni, mpendwa chungu, na mwenye chungu je?

Na hapa niseme ukweli, maana bila hivyo maneno haya ni uchafu uliofagiliwa chini ya mkeka. Yeye alitaka kunitaja tangu mwaka wa kwanza. Nilimkataza. Angesema chungu ni cha mfagizi, mhifadhi angeuliza kimefikaje, na swali lingetembea lenyewe hadi bombani. Nilimkataza mimi, halafu nikamnunia kwa kunitii.

Siku iliyouma kuliko zote ni ile mjukuu wangu alipokuja na darasa lao. Alikuwa na miaka minane. Alikishika chungu, akapitisha kidole pale mdomo ulipolika, akanyoosha mkono akasema mwenye chungu hiki ni mashoto kama bibi yangu, tena bibi naye hupenda kusukuma kuni kwa upande huu huu, huenda ni chake. Darasa likacheka. Mwalimu wao akamwambia akae chini, vitu vya makumbusho ni vya marehemu, na bibi yake si huyo hapo dirishani anapumua? Nilikuwa dirishani kweli, na fagio mkononi, mkono wa kushoto. Mtoto alinitazama. Mama Masizi naye alinitazama, chungu kikiwa katikati yetu. Nikainama nikaendelea kufagia.

Jioni ile mtoto alinishika paji la uso kupima kama nina homa, akaniuliza kama marehemu huwa wanajua kwamba ni marehemu. Na kabla ya hapo, wakati wa kufunga, Mama Masizi alinifuata kwenye chumba cha mafagio. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema amefundisha miaka kumi na mitano kwamba mtoto akiona sawasawa aambiwe ameona sawasawa, na leo amemwacha mtoto mwerevu kuliko wote akae chini kwa aibu. Aliniomba ruhusa aseme. Barua yake ya onyo aliibeba miaka yote hiyo bila kulalamika, lakini hili lilimshinda. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia yeye ana cheo na sanduku na picha gazetini, aniachie mimi fagio langu. Hakurudi kuomba tena. Kesho yake asubuhi aliniletea chai kama kawaida, sukari mbili.

Mtu anayekuletea chai baada ya maneno kama hayo, utamfanyaje? Nilizidi kumwonea wivu. Safari hii wa roho yake.

Sasa tufike mwezi huu. Majina ya watakaopewa cheti cha utumishi uliotukuka yalibandikwa ubaoni, karibu na saa ya kusaini. Wastaafu wa mwaka huu ni sita, majina matano. Niliyasoma mara tatu, nikidhani ni macho. Mhasibu akanieleza kwa ustaarabu kwamba kanuni ni kanuni: mwenye barua ya onyo kwenye jalada hapewi cheti. Kuna fundi bomba anakipata, ambaye mlango wa choo cha wageni umemshinda miaka tisa. Ataondoka na fremu. Aliyejaza ukumbi huu watoto ataondoka na funguo alizorudisha.

Siku hiyo hiyo nilikuwa nafuta meza yake, na daftari la miadi lilikuwa wazi. Ameandika shule za mwezi wa saba, ambao hatakuwepo, kwa mwandiko ule ule wa kutulia. Jumatatu ya kwanza: shule fulani, darasa la nne, wanafunzi sitini na wawili. Kisha, mahali pa kuandika watakaokwenda, mistari mitatu. Chungu chekundu. Chungu cheusi. Bibi.

Nilimfuata nimeshika kitambaa cha vumbi. Nikamuuliza ni bibi gani huyo. Akasema humu ndani yupo mmoja tu. Nikamwambia mimi darasani sijaingia, nitasimama wapi? Akasema: "Pale anaposimama chungu. Miaka yote hii kimekuwa kikisema maneno yako." Na akaongeza, bila kuinua uso kutoka kwenye sanduku alilokuwa anapanga, kwamba watoto mwishoni huuliza mwenye chungu ni nani, na kuanzia Jumatatu swali hilo halimhusu tena, kwa hiyo nijibu nitakavyo au ninyamaze nitakavyo.

Alisema hivyo tu. Cheti hakukitaja.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mkurugenzi. Aliniambia nikae, nikakataa, kile kiti nakifuta mwenyewe na najua hakikauki haraka. Nikamwambia: "Bwana mkubwa, chungu kile nilikiosha mimi." Akauliza kipi. Kijana wa watu, barua ile iliandikwa yeye akiwa sekondari. Akaagiza jalada, akaisoma barua kwa sauti, neno uzembe akalisoma polepole. Akaniuliza kwa nini ninasema leo, baada ya miaka ishirini na minne. Nikamwambia kwa sababu leo ubao una majina matano. Akasema barua haiwezi kutolewa jaladani kwa mdomo, inahitaji maelezo ya maandishi kutoka kwa aliyehusika.

Basi maandishi ndiyo haya, Bwana Mkurugenzi. Umeyasoma kabla ya kuchapwa, na umetia sahihi yako. Mimi ndiye niliyehusika. Nilikiosha, nikakisugua, nikafuta na namba. Mwenzangu hakugusa hata dodoki. Alijiandikia kosa langu ili nisionyeshwe geti nikiwa na mtoto mgongoni, na kutokana na uharibifu wangu akatengeneza somo lililowafanya walimu wa mji mzima wazijue njia za kuja hapa. Uharibifu ni wangu, somo ni lake. Nilitamani iwe kinyume, lakini haikuwa.

Nanyi mlioshika karatasi hii, mjue kwamba cheti cha sita kipo. Kimefichwa chini ya kitambaa mezani, yeye mwenyewe hajui, anasoma hapa sasa hivi kama ninyi. Mama Masizi, inua kichwa, usiloweshe karatasi, karani wa tiketi ameipanga kwa shida. Barua yako imetolewa jaladani juzi. Nyingine imeandikwa, kwa jina langu. Niliisaini kwa mkono wa kushoto. Tangu nizaliwe hakuna ofisi iliyowahi kuniandikia barua, nilizoea kuitwa kwa mdomo, na hata hii ya onyo nilikuwa nakuonea wivu. Nimeikunja nimeiweka pamoja na cheti cha ndoa.

Mjukuu wangu nilimpigia simu jana. Ana miaka ishirini na minne, anafanya kazi mbali. Nilimwambia kwamba siku ile aliona sawasawa. Akasema, "Bibi, mimi nilijua. Nilikuwa nawasubiri ninyi."

Kwa niaba ya walimu ambao chai yao uliipoza, na yule wa hesabu mwenye vumbi la magoti. Kwa niaba ya mhifadhi, mlinzi, karani, na makabati yote niliyofuta alama za vidole vya watoto uliowaleta, na nilinung'unika kila asubuhi: asante. Asante pia ya chai, sukari mbili, miaka ishirini na minne. Nenda ukapumzishe miguu. Lala hadi jua likuchoke. Afya iwe nawe, nyumba yako isikose mtu wa kugonga mlango, na siku ukitukumbuka, tiketi yako nimekulipia hadi mwisho wa mwaka, mlinzi asikuhangaishe.

Chungu usiniulize kama nakitaka. Kina shule Jumatatu, nami ninakwenda nacho. Saa nne utakuwa umekaa kwako, mikono haina sanduku, kikombe mbele yako, unajua kabisa kwamba wakati huo huo watoto sitini na wawili wanauliza mwenye chungu ni nani, na jibu limesimama mbele yao. Utaona wivu, mwenzangu. Karibu. Mimi ninaujua vizuri, utauzoea.